Kabla ya Kutoa Watatu kwa Mmoja

Kikao cha kamati kimefika kwenye ajenda ngumu. Kuna kiungo wa miaka 17 aliyecheza mashindano ya shule muhula mmoja na kuwatoa watu jasho, na timu yake ya kijiji huko Magarini iko tayari kumwachia. Bei yake ni wachezaji wenu wawili wa kikosi cha kwanza, pamoja na fedha mlizokuwa mmezitenga kwa ajili ya kumtafuta beki wa kushoto msimu ujao, yaani watatu kwa mmoja. Mjumbe mmoja anasema mkichelewa wiki moja klabu ya Bandari ya Mombasa watamchukua. Mwingine anauliza beki atacheza nani. Mweka hazina kanyamaza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikao hicho, kiwe kinafanyika Malindi, Watamu, Kilifi mjini au Mtwapa, na kwa ajili yako wewe mjumbe ambaye kura yako ndiyo itakayoamua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kutoa vingi ili kumpata chipukizi mmoja aliye juu ya foleni mara nyingi hakulipi, na pale kunapolipa, sababu huwa ziko kwa mnunuzi zaidi kuliko kwa kijana. Sababu hizo unaweza kuzikagua kabla hujatoa hata shilingi.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili hauko kwenye kandanda yetu. Uko Marekani, kwenye mchezo wao wa kandanda ya mikono na miguu, katika ligi ya NFL. Huko kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu hupanga foleni na kuwateua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huteua ya kwanza, bingwa huteua wa mwisho katika raundi, kisha foleni huanza upya, raundi saba. Nafasi kwenye foleni ni mali: timu inaweza kuiuza, na timu iliyo nyuma inaweza kununua nafasi ya mbele kwa kutoa nafasi zake kadhaa za mwaka huo na za miaka inayofuata. Ununuzi mkubwa wa namna hii mara nyingi hufanywa kwa ajili ya kwotabeki, yaani yule mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Kwa kuwa kila kilichotolewa na kila kilichopokewa huandikwa hadharani, mtu anaweza kurudi baada ya miaka kumi na kuhesabu nani alipata na nani alipoteza. Sisi huku hatuna daftari la aina hiyo. Wachezaji huhama kwa maelewano ya simu, na baada ya misimu miwili hakuna anayekumbuka timu ilitoa nini. Ndiyo maana inafaa kuazima hesabu za wenzetu, mradi tujue zinapofanana na hali yetu na pale zinapoachana nayo.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliifanya hesabu hiyo kwa makini. Andiko lao la kwanza lilitoka mwaka 2005 na likachapishwa rasmi mwaka 2013. Thaler baadaye, mwaka 2017, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yake pana juu ya namna watu wanavyoamua. Walichokuta ni kwamba nafasi za mbele kabisa huuzwa ghali kuliko faida wanayoleta wachezaji wanaoteuliwa kwa nafasi hizo. Kipo kipimo kimoja katika kazi yao ambacho ningependa kila mjumbe wa kamati akikumbuke. Ukimchukua kijana aliyeteuliwa na kumlinganisha na yule aliyeteuliwa baada yake katika nafasi ileile ya uwanjani, uwezekano kwamba wa kwanza atakuwa bora unazidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Hizi ni timu zenye wapelelezi wa kulipwa, picha za kila mechi, madaktari na vipimo vya mbio. Pamoja na hayo yote, kumtofautisha wa kwanza na wa pili kunakaribia kurusha sarafu. Sasa jiulize kamati yenu ina nini. Ina mechi tatu zilizotazamwa pembeni mwa uwanja na video ya dakika mbili kwenye WhatsApp. Swali lako la kwanza kikaoni lisiwe kama kijana huyu ni mzuri. Liwe hili: yule tunayemwona wa pili ni nani, yuko wapi, na angetugharimu kiasi gani? Mkikosa jibu hamjalinganisha lolote, mmependezwa tu.

Jambo la pili walilolikuta linauma zaidi. Timu zilizotaka mchezaji leo zilikuwa tayari kulipa kwa nafasi za mwaka ujao kwa kiwango ambacho, kikigeuzwa kuwa riba, kinapita asilimia 100 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, walikuwa wakikopa kutoka kwa wao wenyewe wa kesho kwa masharti ambayo hakuna mwenye akili angeyakubali kwa mkopeshaji wa mtaani. Watu wa Kilifi wanaijua biashara hii kwa jina jingine. Mtaalamu David Parkin, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu Palms, Wine and Witnesses kilichotoka mwaka 1972, alieleza jinsi minazi ilivyokuwa ikiwekwa rehani au kuuzwa ili kupata fedha za mahari na matanga, na jinsi wachache waliokuwa na subira walivyoikusanya. Mnazi wetu mrefu wa pwani huchukua miaka kadhaa kabla haujazaa, kisha huzaa kwa vizazi. Aliyeutoa alikuwa na haja ya kweli siku ile, na simlaumu. Lakini ni nani aliyekula nazi baadaye? Timu inayotoa fedha za msimu ujao na wachezaji wake wawili ili ipate sifa msimu huu imeweka minazi rehani, tena kwa jambo lisilo matanga wala mahari.

Tazama kisa cha Washington mwaka 2012, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Timu hiyo ilikuwa ya sita kwenye foleni na ilimtaka Robert Griffin, kwotabeki kijana mwenye mbio na mkono wa nguvu. Ili kupanda hadi nafasi ya pili iliwapa St. Louis Rams nafasi yake ya sita, nafasi yake ya raundi ya pili ya mwaka huo, na nafasi zake za raundi ya kwanza za mwaka 2013 na 2014. Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu. Griffin alitajwa mchezaji bora chipukizi wa mashambulizi, na Washington ikaongoza kundi lake kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1999. Kisha Januari 2013, katika mechi ya mtoano dhidi ya Seattle, goti lake ambalo tayari lilikuwa limeumia likaachia. Hakurudi kuwa yule wa mwanzo. Msimu uliofuata Washington ilishinda mechi tatu kati ya 16, na nafasi ya raundi ya kwanza iliyokuwa imeahidiwa Rams ikageuka kuwa ya pili kwenye foleni nzima. Angalia vizuri hapo: ulichoahidi kutoa huwa ghali zaidi hasa pale mambo yako yanapokwenda mrama. Mwaka 2016 Griffin aliachwa aende. Na jambo linalonisikitisha zaidi ni hili: katika uteuzi uleule wa 2012, raundi ya nne, Washington yenyewe ilimteua kwotabeki mwingine, Kirk Cousins, kwa gharama ambayo hakuna aliyeijadili. Mwaka 2015 ni Cousins aliyeanza mechi na kuirudisha timu kileleni mwa kundi lake. Jibu la rahisi lilikuwa ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza.

Nisiishie hapo, kwa kuwa mpinzani wangu ana haki ya kuuliza Rams waliovuna hayo yote walifika wapi. Hawakufika popote kwa muda mrefu. Kuanzia 2012 hadi 2016 hawakupata hata msimu mmoja wa kushinda mechi nyingi kuliko walizopoteza, na mchezaji waliyemchukua kwa ile nafasi ya pili ya mwaka 2014 hakufanikiwa. Mwaka 2016 wao wenyewe wakapanda foleni, kutoka nafasi ya 15 hadi ya kwanza, wakamchukua Jared Goff, na ndani ya miaka mitatu wakawa kwenye fainali. Pingamizi hili ni zito na nalikubali kwa nusu. Kukusanya vingi si mafanikio. Ni nafasi ya kujaribu, na anayejaribu vibaya hupoteza hata akiwa na majaribio mengi. Kwa hiyo ukikataa kutoa watatu kwa mmoja, halafu ukawaacha wale watatu wachakae bila mazoezi wala nauli, hujashinda chochote. Lakini hata hadithi ya Goff ina mwisho wake. Mwaka 2021 alipelekwa Detroit, pamoja na nafasi nyingine za kuteua, ili kumpata Matthew Stafford aliyekuwa mkongwe, na ni kwa Stafford kwamba Rams walitwaa ubingwa Februari 2022. Chipukizi waliyemnunua kwa bei kubwa aliwafikisha mlangoni. Aliyewaingiza ndani ni mtu mzima aliyekwisha kujulikana.

San Francisco walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu kwa ajili ya Trey Lance mwaka 2021, na wakamwacha aende mwaka 2023 kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Aliyewapeleka fainali ya Februari 2024 ni Brock Purdy, aliyeteuliwa wa mwisho kabisa kwenye foleni ya mwaka 2022, nambari 262. Carolina walipanda hadi nafasi ya kwanza mwaka 2023 kwa ajili ya Bryce Young, wakatoa nafasi nne na mshambuliaji wao bora. Wakashinda mechi mbili tu kati ya 17, na nafasi waliyoiahidi Chicago kwa mwaka 2024 ikawa ya kwanza kwenye foleni. Aliyeteuliwa mara tu baada ya Young, C.J. Stroud, ndiye aliyekuwa chipukizi bora wa mashambulizi mwaka huo. Kuna waliofanikiwa pia, na nitawafikia sasa hivi. Ila usimwache mtu akutajie mmoja aliyefaulu kana kwamba ndiye sheria.

Anayetajwa daima ni Patrick Mahomes. Mwaka 2017 Kansas City walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili wampate, na tangu hapo ametwaa ubingwa mara tatu, Februari za 2020, 2023 na 2024. Huu ni ushahidi dhidi yangu na sitaukwepa. Lakini tazama mazingira ya ununuzi ule. Kansas City ilikuwa imetoka kushinda mechi 12 kati ya 16. Ilikuwa na kwotabeki mzoefu, Alex Smith, hivyo kijana alikaa pembeni msimu mzima akajifunza na kuanza mechi moja tu. Na bei, ukiiweka kando ya ile ya Washington, ilikuwa ya wastani: nafasi moja ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, nafasi moja ya raundi ya tatu, na kubadilishana zile za mwaka huo. Timu iliyokwisha kusimama ilitoa kile isichokihitaji sana, ikapata kijana ambaye haikuwa na haraka naye. Washington na Carolina zilikuwa timu dhaifu zilizotoa tofali za nyumba ili zinunue paa.

Afrika Mashariki tunao mfano wetu, na unasema jambo lilelile. Mbwana Samatta alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akitokea Simba ya Dar es Salaam, akiwa na miaka 18. Mazembe ya wakati huo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilicheza fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan. Haikumhitaji Samatta aiokoe. Ilimchukua pamoja na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, yaani majaribio mawili kwa pamoja, ikawapa muda. Miaka minne baadaye, mwaka 2015, Samatta alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa na Mazembe ikatwaa kombe. Januari 2016 akauzwa Genk ya Ubelgiji. Miaka minne! Ni kamati gani ya timu ya mtaani iliyowahi kumpa mtu miaka minne? Kama uongozi wenu hubadilishwa kila msimu, anayenunua leo hatakuwepo siku ya mavuno, na anayekuja atamwona kijana kama mzigo wa waliotangulia.

Hapa ndipo kandanda yetu inapoachana na ile ya Marekani, na tofauti hii inaizidishia uzito hoja yangu. Kwotabeki hushika mpira karibu kila shambulizi, kwa hiyo mmoja aliye bora sana hubadilisha timu nzima. Kwenye soka letu hakuna nafasi kama hiyo. Kiungo namba kumi mwenye kipaji hana la kufanya kama mabeki hawawezi kumfikishia mpira, na mshambuliaji wa kufunga mabao 20 hawezi kuziba pengo la kipa anayeachia 30. Nafasi inayokaribia kidogo ni ya kipa, kwa kuwa kosa lake halina wa kulirekebisha, lakini makipa hukomaa polepole na wa miaka 17 aliye tayari ni nadra. Ikiwa basi biashara hii huwashinda wengi hata kwenye mchezo ambao mtu mmoja anabeba nusu ya timu, kwenye mchezo wa watu kumi na mmoja wanaotegemeana inapaswa kuogopwa zaidi. Kabla ya kupiga kura, chukua orodha ya mabao mliyofungwa na mliyoyakosa msimu uliopita, mechi kwa mechi, na ujiulize ni mangapi kijana huyu angeyabadilisha akiwa kwenye nafasi yake. Nusu saa inatosha. Mara nyingi utagundua kwamba tatizo lenu liko upande ule mnaotaka kuutoa.

Kisha fanya hesabu ya majaribio, nayo haihitaji mtaalamu. Tuseme, kwa mfano tu, kijana wa bei ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mchezaji wa kutegemewa, na hapo nimekuwa mkarimu. Tuseme kwa gharama hiyohiyo mngewachukua vijana watatu wa kawaida, kila mmoja akiwa na nafasi moja kati ya nne. Uwezekano kwamba wote watatu watashindwa ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani takriban asilimia 42. Kwa hiyo mna asilimia 58 za kumpata angalau mmoja wa kutegemewa, dhidi ya 50 za yule mmoja. Utaniambia kwamba wa bei akifaulu atafaulu sana, na wale watatu wakifaulu watafaulu kiasi. Kweli. Ndiyo maana hesabu hii haitoshi peke yake kumkataa. Kazi yake ni kuwalazimisha wanaotaka kununua waseme kwa sauti: huyu tunampa nafasi ngapi kati ya kumi, na akifaulu ataleta nini hasa? Kila mjumbe aandike nambari yake kwenye karatasi kabla ya mjadala, bila kumsikia mwenyekiti. Mkizisoma mkakuta mmoja kaandika tisa na mwingine tatu, hamjui vya kutosha. Rudini mkamtazame tena, kwenye mechi ya ugenini, uwanja ukiwa umelowa mvua za Mei, dhidi ya watu wazima.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani siku ya kununua, nayo ni ile inayonihangaisha kuliko fedha. Mchezaji aliyegharimu sana hachezeshwi kwa sababu anastahili. Huchezeshwa kwa sababu aligharimu. Barry Staw na Ha Hoang walilionyesha hili mwaka 1995 kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA: wale walioteuliwa mapema walipewa dakika nyingi uwanjani na kubakizwa muda mrefu kuliko viwango vyao vya uchezaji vilivyostahili. Viongozi walikuwa wakiutetea uamuzi wao wa jana. Sasa mweke hapo kijana wa Magarini. Timu imetoa wawili kwa ajili yake, mashabiki wanajua, mfadhili ameketi kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele. Kifundo kimevimba. Nani atasema apumzike? Goti la Griffin lilikuwa na madaktari wa ligi tajiri kuliko zote duniani pembeni yake, na bado alibaki uwanjani. Kwenu pembeni kuna ndoo ya maji na barafu, ikipatikana. Kwa hiyo andikeni kabla, na mkufunzi atie sahihi: kijana huyu hatacheza zaidi ya mechi kadhaa kwa mwezi katika msimu wa kwanza, akiumia uamuzi wa kurudi uwanjani ni wa mganga na mzazi, na siku za shule ni za shule. Aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto mbele ya sheria. Makubaliano yafanywe na mzazi au mlezi wake akiwepo na akielewa. Karo na nauli za kijana ziwekwe ndani ya bei tangu mwanzo. Kamati isiyoweza kulipa karo ya mtoto inayemtaka haiwezi kumnunua, hata kama ina wachezaji wa kubadilishana.

Pingamizi ambalo huishinda mikutano mingi ni la kuuza: tumchukue sasa, tumkuze, tumuuze Ulaya, tutalipwa mara kumi. Mfano upo. Celtic ya Scotland ilimchukua Victor Wanyama kutoka Ubelgiji mwaka 2011 kwa ada iliyoripotiwa kuwa chini ya pauni milioni 1, na mwaka 2013 ikamuuza Southampton kwa pauni milioni 12.5. Lakini Celtic ilimnunua mchezaji aliyekwisha kucheza ligi kuu ya Ubelgiji, haikumtoa moja kwa moja shuleni. Kinachoweza kuifikia timu ndogo ya Kilifi ni mgawo wa mshikamano wa FIFA: mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa kuanzia miaka 16 ni nusu asilimia ya ada yote, na ile ya utotoni, miaka 12 hadi 15, ni robo asilimia. Ukimlea misimu miwili, akiwa na miaka 16 na 17, kisha akauzwa kwa ada sawa na shilingi milioni 20, mgawo wako ni shilingi 200,000. Si haba, lakini si mara kumi. Ipo pia fidia ya malezi anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine. Na kumpeleka nje kabla hajatimiza 18 kumekatazwa isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa hiyo ajaye na ahadi ya kumsafirisha akiwa na 16 mwogopeni. Vyote hivyo hudaiwa kwa karatasi: awe amesajiliwa kwa jina lenu kupitia Shirikisho la Soka Kenya, tarehe za kuingia na kutoka zikiwepo, na umri wake wa kweli kama ulivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Na hapa kuna jambo ambalo wanaotaka kununua hawalisemi: mgawo huo haumjali chipukizi ghali kuliko wa kawaida. Ukiwasajili vizuri vijana kumi na watano unaowalea bure, una tiketi kumi na tano. Hesabu fedha hizo kama mvua za vuli. Zikija utafurahi, lakini usipande shamba lote kwa kuzitegemea.

Mwingine atasema fedha si zetu, mfadhili ndiye anayemtaka kijana na ndiye anayelipa. Mfadhili mwenye hoteli ana msimu wa wageni na msimu wa ukame, na anayetafuta kura ana Agosti yake ya uchaguzi. Mfadhili akitoa fedha za chipukizi, chipukizi hubaki na fedha huondoka, na gharama za kumtunza zinaangukia mfuko wa timu. Mwambieni kwa heshima kwamba mnamshukuru, na mumwulize kama angekubali fedha hizohizo zigawanywe: nusu kwa kijana, nusu kwa vijana wengine wawili na vifaa. Akikataa, mmejua alikuwa akinunua nini.

Lini basi useme ndiyo? Useme ndiyo pale timu yenu tayari inashinda bila yeye, mahali pake pana mkubwa wa kumfundisha kwa msimu mmoja, mnachotoa ni ziada ya leo na wala si ahadi ya kesho, na yule wa pili kwenye orodha yenu yuko mbali naye kwa namna ambayo watazamaji watatu waliotumwa mmoja mmoja wameiona bila kuambizana. Hali kama hiyo hutokea. Ikitokea, usiogope, na usibishane na bei kwa ajili ya njumu mbili. Lakini likikosekana hata moja, hasa lile la timu kusimama kwanza, waache Bandari wamchukue. Mtoto wa pwani akienda Mbaraki, nyumbani kwa Bandari, na kufanikiwa, hilo ni jema kwake, na mkiwa na karatasi zake kunaweza kuwa na jema lenu pia.

Baada ya uamuzi, wowote ule, andikeni ukurasa mmoja na katibu aufunge kwenye bahasha: tulitoa nani na kiasi gani, tulimpa kijana nafasi ngapi kati ya kumi, wa pili kwenye orodha alikuwa nani, na tulitarajia nini mwisho wa msimu wa pili. Ufunguliwe siku hiyo na si kabla. Siku ya kuufungua, msiangalie kijana wenu peke yake. Mfuatilieni yule wa pili mliyemwacha, na wale wawili mliowatoa, mjue wanacheza wapi na wamefunga mangapi. Na ikiwa kijana ameumia katikati ya msimu kwa bahati mbaya isiyo ya mtu, msiandike kwamba uamuzi ulikuwa mbaya kwa sababu hiyo tu. Ikiwa amefunga mabao 20 wakati hakuna aliyewahi kumwona akicheza ugenini kabla ya kumlipia, msiandike kwamba ulikuwa mzuri. Andikeni mlichokijua siku ile, na mlichoweza kukijua kwa nauli ya matatu hadi Marafa huko Magarini na kurudi lakini hamkwenda.